Safu ya Kulia

Mwaka wa tisini na tatu, amplifaya ya fundi Harnam Singh ilishushwa mbele ya kibanda cha ufundi cha Wekoye mjini Bungoma, na Wekoye akatamani ardhi ipasuke immeze. Aliijua hata kabla blanketi halijafunuliwa. Miaka saba nyuma, kule Kitale, aliiunguza kwa mikono yake mwenyewe.

"Mzee ametuacha mwezi wa tatu," alisema Jaswinder, mjane wa Harnam. "Mimi naenda kwa binti yangu Uingereza. Jumapili iko maombi ya kuaga, lakini hii inanguruma tu. Nataka iimbe mara moja ya mwisho."

"Pole sana, Mama. Lakini transfoma ikiungua tena, siku hizi hakuna nyingine."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Wekoye alijifunza kazi kwa Harnam, kule Kitale. Duka la Harnam lilikuwa na desturi yake. Valvu mbili kubwa za mwisho, zile taa za kioo zinazokuza sauti, hufanya kazi kwa kupokezana. Mkondo wa umeme ukizidi kwenye moja, spika hunguruma na valvu iliyoelemewa hujichoma. Harnam alipima ya kushoto, Wekoye ya kulia, kila mmoja na mita yake, bila kuambiana, kisha kila mmoja akaandika namba yake kwa penseli ndani ya kifuniko. Halafu chai. Hakuna kugusa bisibisi ya kurekebisha mkondo mpaka vikombe viishe, maana valvu baridi hudanganya. Siku tamu zile! Harnam alikuwa mchoyo wa sifa, lakini si wa sukari hata kidogo.

Ndipo ikaja harusi ile ya themanini na sita. Harnam alikuwa ametoka, wenye harusi wanapiga kelele, na Wekoye akaandika namba zote mbili peke yake bila kupima, chai hakuigusa. Kabla bibi harusi hajaketi, valvu moja iliwaka nyekundu kama kaa la moto na transfoma ikafuka moshi. Wekoye alidandia lori la Bungoma bila kuaga mtu.

Sasa alifungua kifuniko. Chini ya namba zake za uongo palikuwa na mistari minne mipya, mwandiko wa Harnam: themanini na saba, themanini na tisa, tisini, tisini na mbili. Kila mstari ulikuwa na namba ya kushoto tu; safu ya kulia ilikuwa tupu.

"Nilimwambia, Mzee, si uandike yote?" alisema Jaswinder. "Akasema ile ingine ni ya Wekoye, atakuja kuandika."

Wekoye alilia, mbele ya wateja, wala hakujificha.

Kisha akampa Jaswinder mita ya pili apime ya kushoto. Kushoto arobaini na moja, kulia ishirini na tisa. Mkono wake ukaenda kwenye bisibisi.

"Chai kwanza," alisema Jaswinder.

Walikunywa polepole mpaka mwisho. Walipopima tena, kushoto arobaini, kulia thelathini na nne. Wekoye hakuilazimisha ile dhaifu. Aliishusha yenye nguvu, kidogo kidogo, mpaka thelathini na nne. Mngurumo ukakatika. Jaswinder akatia kanda ya nyimbo za ibada, na sauti ikajaa kibandani, safi kabisa.

Jaswinder aliandika ya kushoto. Wekoye akaandika ya kulia, kisha penseli ikapanda yenyewe hadi kwenye mistari minne ya mzee. Akaishusha. Hakuwa na cha kuandika pale; miaka ile hakuwepo kupima.