Waya wa Isdori

Mimi Atusaye ni Mnyakyusa wa Mbeya, na kwetu mtu akifa tunalia mpaka mtaa wa pili wanajua. Nikaja kuolewa Sumbawanga, kwa watu wa kunyamaza. Mume wangu Adolfu alizaliwa pacha, na katika ukoo wao pacha akifa, aliyebaki haambiwi. Hapelekwi mazikoni, na neno lenyewe halitamkwi mbele yake. Pacha wake, Isdori, alipofariki kwa ajali ya pikipiki njia ya Milepa, mama mkwe alikuja kwetu Mazwi akasema kwa sauti kavu kwamba Isdori ametangulia shambani. Mimi nikaambiwa nifunge mdomo. Nikafunga, ingawa uliniwasha.

Adolfu hakuuliza kitu. Alianza tu kukonda.

Mimi na Adolfu tunashughulikia mtandao wa kompyuta kwenye ghala moja la mahindi hapa mjini. Kuna swichi, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ofisini na nyingine kwenye kibanda cha mizani, na mapacha wale ndio waliozifunga kwa nyaya mbili zilizounganishwa kuwa njia moja. Wa bluu aliuvuta Adolfu, wa njano aliuvuta Isdori. Bosi alizoea kuuita wa njano waya wa akiba, na Adolfu alikuwa anakasirika kwelikweli. Hakuna wa akiba hapa, alikuwa akimwambia, zote zinabeba mzigo wa mtandao pamoja, na mmoja ukikatika mwenzake anabeba wote.

Siku chache baada ya mazishi, wachimba mtaro wakaukata ule wa njano. Nilikwenda kuuona mwenyewe. Nilizishika ncha zote mbili, zimejaa tope. Nikarudi ofisini nikitegemea kukuta taa yake kwenye swichi imezimika, nikakuta inapepesa kijani kama kawaida. Nikadhani nimekosea tundu la waya. Nikaufuata waya kwa kidole mpaka unapoingia ukutani, ni wa njano. Kompyuta nayo ikaonyesha kwamba mzigo unapita humohumo.

Nikasema ni wazimu wa mashine, nikaizima swichi na kuiwasha. Ikarudi vilevile. Ila kilichonitia hofu zaidi ni waya wa bluu, ambao ulikuwa mzima. Kila siku ulibeba kidogo kuliko jana, na uliokatika ukabeba zaidi. Na Adolfu hivyohivyo, kila siku alikula kidogo kuliko jana. Saa za kazi alikaa mbele ya swichi akiitazama taa ya ndugu yake, mikono baridi hata akitoka juani. Nikimwita alichelewa kuitika, kama mtu anayeitwa na wawili kwa mpigo. Jamani, nilikuwa nampoteza mume wangu huku namwangalia.

Nilimweleza mama mkwe. Akaniambia nisithubutu, nikilitamka lile neno nitakuwa nimemuua mwanawe wa pili. Na huyo wa pili alikuwa anakwisha kwa huo ukimya wao.

Mchana mmoja wa upepo mkali nikakuta taa ya waya wa bluu inakaribia kuzimika kabisa. Adolfu alikuwa ameegemea ukuta, midomo imepauka, hata kunigeukia hawezi. Nikaushika wa njano nikauchomoa. Nikabaki nao mkononi, na lile tundu tupu likaendelea kuwaka kijani. Niliogopa, sifichi, lakini nilishachoka kuogopa. Kama ni laana na inipate mimi, mtoto wa watu wengine.

"Isdori amekufa," nikasema. "Alikufa kwa pikipiki. Tulimzika Milepa, na udongo niliutia kwa mkono wangu huu."

Taa ya tundu lile ikazimika. Ya bluu ikashika kwa nguvu, mzigo wote ukarudi kwenye waya wake. Adolfu akavuta pumzi ndefu, akateleza ukutani mpaka chini, akalia kwa sauti. Nikapiga magoti nikamkumbatia, mikono yake imeanza kupata joto. Nikamwomba radhi kwa kumwambia ghafla namna ile.

Akatikisa kichwa.

"Mimi nilijua tangu siku ile, Atusaye," akasema. "Isdori mwenyewe ndiye hakuna aliyemwambia."