Koti la Kizimbani

“Mabega ya koti yamzidi,” alisema mama wa mtuhumiwa. “Mikono ishuke mpaka vidoleni. Nataka jaji aone mtoto.”

Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye chumba cha wageni cha mahabusu, pini tatu mdomoni, akipima suruali ya kijana. Askari alipiga miayo mlangoni. Fundi alimjua kijana huyo tangu kaptula yake ya kwanza. Sare za shule nzima alizishona yeye, kwa sababu mama huyu, mwenyekiti wa bodi ya shule, alitaka iwe hivyo.

“Mama fundi, nimenenepa?”

“Kifua kimeongezeka inchi mbili.”

“Basi wanaosema chakula cha humu kibaya ni waongo.”

Kijana na rafiki yake walimnyonga mlinzi wa shule kwa kamba ya bendera. Magazeti yalitafuta sababu mwezi mzima. Polisi waliipata siku ya kwanza: vijana walitaka kujua mtu huchukua dakika ngapi kufa. Saa walikuwa nayo.

Kwenye korido mama alimshika fundi kiwiko. “Ukiniangusha, sare za mwakani atashona mwingine. Tusije tukalaumiana.”

“Nimekusikia, mama.”

Nyumbani alitandaza kitambaa, akachora mstari mpana kama alivyoagizwa. Kisha akafungua daftari la vipimo kuhakikisha urefu wa mgongo. Kurasa mbili nyuma palikuwa na mwandiko wake mwenyewe: *Mlinzi. Shingo, kumi na tano na nusu.* Mtu mzima yule, lakini kila futi ilipomgusa shingoni alijikunyata na kucheka. “Fundi, unanitekenya bwana.” Ilibidi ampime mara tatu.

Fundi alifunga daftari. Akafuta chaki kwa kiganja, akachora upya kwa vipimo vya kweli, akashika mkasi.

Asubuhi ya kesi alimkabidhi askari koti likiwa limefungwa kwenye karatasi, akaenda kukaa benchi la nyuma.

“Mshtakiwa wa kwanza, simama.”

Akasimama. Koti lilimkaa kama aliyezaliwa nalo. Mabega yalijaza kizimba, viganja vikaonekana vyote viwili, vipana, vimeshika ukingo wa mbao. Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mama aligeuka taratibu, akitafuta uso mmoja kati ya nyuso.

Fundi hakuinama. Ndipo alipogundua kwamba futi bado inaning’inia shingoni mwake. Akaishusha, akaanza kuikunja, inchi baada ya inchi.