Fomu ya Mwalimu Tabu

Mwalimu Tabu alimaliza kidato cha sita, akapita jeshini, kisha akaja kwetu Ziwani kuuza katika duka la ujamaa na kutufundisha kusoma kila jioni. Sasa alitaka kwenda Chuo Kikuu, na bila pendekezo la tawi la Chama asingepokelewa. Tawi likaitisha mkutano, na fomu ilitakiwa iondoke kesho yake na lori la korosho.

Asubuhi nilipiga magoti nikamwombea. Mchana, mkutanoni, nikaona tunataka kumnyima kwa kumpenda.

"Binti huyu dhahabu," alisema Somoe. "Nani atanisomea barua za mwanangu? Asiende!"

"Asiende!" Chande akadakia. "Akipanda lori, na herufi zangu zote zinapanda naye."

Watu wakacheka. Tabu alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga.

Mzee Thabiti, mwenyekiti wetu, akapapasa mifuko. "Miwani nimeisahau nyumbani. Nani atatusomea fomu? Siyo mwombaji."

"Miwani ipi tena, mzee?" akauliza Chande.

Nikajikuta nimesimama. "Nipe mimi, ndugu mwenyekiti."

"Mama Rozalia!" akadakia Chande. "Si wewe uliyeshika kitabu juu chini darasani?"

"Ndiye mimi." Nikaweka kidole kwenye mstari, nikaanza taratibu kama darasani. "Je, tawi..."

"JE, TAWI!" mkutano mzima ukaitikia. Mazoea ya darasa; hakuna aliyekusudia. Hata mwenyekiti aliitikia.

"...linampendekeza mwombaji?"

"LINAMPENDEKEZA MWOMBAJI!"

"Ndiyo..."

"NDIYOOO!" Mbuzi aliyefungwa nje naye akalia. Tukacheka mpaka machozi.

Lakini Mungu alikuwa ananiona, na mstari haukuwa umekwisha. Nikangoja watulie.

"...au Hapana."

Chande alifumbua mdomo, akamtazama Tabu, akaufumba.

"Rudia," alisema Mzee Thabiti.

"Au Hapana."

Hakuna aliyeitikia. Somoe akapangusa macho. "Na barua zangu je?"

"Zilete darasani, dada," nikamwambia. "Nitakusomea."

"Kwa mwendo huo? Mwanangu atafika mwenyewe kabla hujamaliza salamu!"

Kicheko kikalipuka upya, na safari hii Tabu alicheka kutushinda wote. Mzee Thabiti akanivuta mkono.

"Hiyo 'Ndiyo' iko wapi hapa?" akanong'ona.

Nikamwonyesha kwa kidole. Akatia alama, akaikoleza, akaikoleza tena. Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Somoe.