Ovaroli Kwenye Bomba la Hewa

Mzee hakutaka kusikia habari ya madirisha yasiyofunguka. Binti yake alikuwa anajenga, na chumba cha kona kilikuwa chake yeye, baba mtu. Barabara ilipita karibu, vumbi halina adabu, basi vioo vyote vingekazwa. Hewa ingesukumwa na feni moja kubwa juu ya dari, ipite kwenye mabomba na kushuka kila chumba.

"Hata pumzi sasa ina bosi," mzee alinung'unika.

"Baba, kifua changu si unakijua?"

Alikijua. Kilikuwa kifua cha mama yake. Marehemu alishona magunia kiwandani, na msimamizi akayapigilia misumari madirisha, eti nyuzi zinaibwa. Wafanyakazi walipolalamika, wakubwa wakasema watalitazama. Walilitazama kweli, kwa mbali, ofisini kwao kwenye madirisha wazi. Mkewe akaanza kukohoa, na hakupumzika mpaka kaburini. Tangu hapo kila mwenye ramani mkononi, kwa mzee, alikuwa mwongo.

Kwa hiyo asubuhi ya kuijaribu feni, kabla dari haijafungwa, alitangulia. Akapanda jukwaa la mafundi chumbani kwake, akaichomeka ovaroli yake kuukuu kwenye tundu la hewa na kuisukuma ndani kwa mpini wa ufagio. Feni ikishindwa, watake wasitake wataacha madirisha yafunguke.

Fundi wa hewa akaja, akawasha. Alishika kipande cha karatasi laini mbele ya tundu la sebuleni, kikapepea. Chumbani kwa mzee, kimya. Chumbani kwa binti, karatasi ikaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

"Bwana Upepo!" mzee akachekelea mlangoni. "Naona upepo wako umepitiwa na usingizi."

Fundi alikuna kichwa. "Huku bomba ni moja, mzee. Linapita kwako ndipo lifike kwake. Sijui nimekosea wapi. Mama, hebu funga mlango usikilize kama kuna hata kidogo."

Binti akajifungia humo na vumbi lote la saruji. Punde akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, chenye kamlio mwishoni.

Kicheko kikamkauka mzee. Kamlio kale alikasikia miaka, usiku na mchana, akimtukana msimamizi. Leo akatafuta wa kumtukana, asimpate.

Akarudi mbio chumbani kwake, akapanda, akavuta mkono wa ovaroli. Ikatoka na vumbi, likamjaa usoni.

Fundi aliyemfuata akaitazama ile nguo. "Kwenye ramani yangu hii haimo."

"Nyamaza, Bwana Upepo. Twende kule."

Binti alikuwa ameshafungua mlango, macho yanamtoka machozi. Akaiona ovaroli.

"Baba! Ulikuwa unataka nini?"

"Dirisha."

"Si ungeniambia?"

"Maisha yangu yote nimewaambia wakubwa."

"Mimi mkubwa wa wapi? Mimi mwanao."

Mzee akajifuta uso kwa ile ovaroli, akauzidisha uchafu. Kuomba kulikuwa kumemtoka siku nyingi.

"Ule ukuta wangu wa uani," akasema hatimaye, "hauna vumbi. Niwekee hapo dirisha linalofunguka."

Binti akamtazama fundi. Fundi akachomoa penseli sikioni. "Linawezekana. Akilifungua wakati feni inazunguka, hakuna kitakachoharibika."

Mzee hakungoja shukrani wala lawama. Alichukua kile kipande cha karatasi, akakiinua mbele ya tundu la chumba cha binti yake. Kikapepea. Akabaki amekishika, mkono juu, mpaka kikohozi kilipotulia.