Neti Nyekundu za Hinda

Hinda hakuwa na neno na kijana aliyemposa binti yake. Abdiwahid alikuwa mchungaji hodari, mtu wa swala, hana makuu na wala hagusi miraa. Mama angetaka nini zaidi? Neno la Hinda lilikuwa na kichuguu. Kilisimama nyuma ya boma la kina Abdiwahid, nje kidogo ya Hadado, kimepasuka nyufa kila upande, na ndani ya nyufa zile alikaa usubi, yule mdudu mdogo anayetoka jua likizama na kuuma watu bila hata kuimba kama mbu.

Mwaka uliopita mdudu huyo alimmaliza Sakariye, kaka yake Abdiwahid. Homa haikumtoka, tumbo likavimba upande wa kushoto, mwili ukakonda mpaka mkanda wake ukahitaji kutobolewa upya kila mara. Walipomfikisha hospitali, madaktari walisema ni kala-azar, na kwamba angeletwa mapema wangemwokoa. Aliacha mtoto wa kike, Leyla, ambaye sasa analelewa na bibi yake, kwa kuwa mama yake aliolewa tena Elwak. Watu walimshauri mama wa marehemu, Sharifo, ahamishe boma. Alikataa. Alisema kisima kiko pale na kaburi la mwanawe liko pale, na yeye hawezi kubeba vyote viwili mgongoni.

Hapo ndipo Ruweyda, binti pekee wa Hinda, alikuwa anaenda kulala.

Lul, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa amegawa neti zenye dawa tangu mvua zilizopita, nyeupe pepepe, kila nyumba yake. Ungecheka ungeona zilivyotumika. Jirani yao Ramlo alifunikia vitoto vya mbuzi. Rukiyo alifungia mizigo. Wengine walizikunja wakazikalia. Sharifo yeye alimrudishia Lul yake mkononi, mbele ya watu.

"Mimi nimeshafunika mtu kwa nguo nyeupe," alimwambia. "Sitafunika mwingine akiwa hai."

Baada ya hapo nani angemlaumu? Hata waliokuwa wameanza kuzitundika walizishusha polepole, maana neno likishasemwa na mama aliyezika, halisahauliki.

Basi Hinda alikuwa anatengeneza nyumba ya harusi, kama inavyompasa mama wa bibi harusi: mikeka, fito za kupinda, kamba, vyote vya kupakiwa juu ya ngamia na kwenda kusimamishwa kwa kina bwana harusi. Mkono wake kwenye mikeka ulijulikana mpaka Habaswein. Magome ya mgunga yalikuwa yanatokota ndani ya pipa, maji yamekuwa mekundu, nyuzi zinangoja kutumbukizwa, na ile neti nyeupe aliyopewa kwa ajili ya Ruweyda iko pale juu ya boksi inamtazama. Hinda naye akaitazama. Kisha akaitumbukiza.

Ilitoka na rangi ya hina. Aliianika juani juu ya miiba, na kufika jioni ilikuwa kitu cha kupendeza kabisa, wala hakuna ambaye angeiita nguo ya maiti. Sharifo alipokuja kukagua nyumba, aliishika, akaivuta, akainusa.

"Hii ni pazia," alisema. "Hii nakubali."

Na siku iliyofuata akatuma aletewe neti kutoka kwa Lul, akampelekea Hinda aitie rangi hiyohiyo, ili Leyla alale ndani yake. Nani abaki nyuma? Ramlo aliivua ile ya vitoto vya mbuzi, Rukiyo akafungua mizigo yake, na wanawake wa Hadado wakapanga mstari kwa Hinda kama wanaochota maji. Pipa halikupoa. Tuseme ukweli, Hinda alivimba kichwa. Lul mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba, akaona neti zimetundikwa kila mahali, akamshika Hinda mkono kwa furaha. Hinda akampa binti yake mume akiwa na moyo mweupe, kwani alikuwa amekishinda kile kichuguu kwa akili yake.

Ilikuwa katikati ya wiki ya harusi alipokwenda kumwona. Bibi harusi hatoki nje wiki hiyo, kwa hiyo Hinda aliingia ndani, akaketi, akachukua mikono ya binti yake aione hina. Hina ilikuwa imekolea vizuri. Lakini kati ya ua na ua, kuanzia kiganja hadi kiwiko, palikuwa na vipele vidogo vyekundu, vingi.

"Nini hii?"

"Sijui, hooyo," Ruweyda alimjibu mama yake. "Nikiamka navikuta. Sisikii kitu usiku."

"Unalala ndani ya neti?"

"Kila siku. Nachomeka vizuri, wallahi."

Hinda aliinuka bila kumaliza chai. Alikwenda moja kwa moja zahanati, akamkuta Lul anapanga maboksi.

"Mwanangu ameumwa," alisema. "Na neti yako iko juu yake."

Lul alimsikiliza mpaka mwisho. "Eddo," alimwambia, maana shangazi wote wa kijiji aliwaita hivyo, "hiyo rangi ulitia namna gani?"

"Nilichemsha. Vile nachemsha ya mikeka."

"Maji moto kabisa?"

"Yanatokota. Rangi itashika kwa maji baridi? Halafu nikaanika jua kali mpaka jioni."

Lul aliketi juu ya boksi. "Neti hii iko na dawa, eddo. Inaoshwa na maji baridi, inakauka kwa kivuli. Ukichemsha dawa imekwisha. Imebaki kitambaa."

"Kitambaa si kinazuia?"

"Kinazuia mbu. Usubi ni mdogo, anapita kwa tundu bila taabu. Ni dawa ndio inamwua, akigusa tu. Na mimi niko na makosa. Niliona nyekundu kila nyumba nikafurahi. Sikuuliza."

Hinda alikumbuka pipa lake. Zote alizichemsha kwa mkono wake, na alikuwa akiimba.

"Ruweyda ameshapata?"

"Kuumwa si lazima kuugua, eddo. Si kila usubi amebeba. Lakini akipata homa isiyoisha, mlete siku zile za kwanza. Msingoje tumbo kama mlivyongoja la Sakariye."

"Nipe neti nyingine."

"Zimeisha. Leo naomba Wajir. Zitakuja inshallah, lakini si kesho."

Kulikuwa na moja tu nzima Hadado, na Hinda aliijua ilipo. Ilikuwa yake mwenyewe. Kwa kuchemsha za watu hakuwahi kufikia yake, na bado ilining'inia nyumbani kwake, nyeupe vilevile. Aliishusha, akaikunja, akaibana kwapani, akaelekea bomani kwa Sharifo jua likianza kuinama.

Njiani alijitungia uongo, na haukuwa mbaya. Angesema ile nyekundu imefumuka kwenye pindo, anaichukua kuishona, na hii wataiweka kwa muda tu. Kwa nini aseme zaidi? Nyumba ya mikeka ni ya mke, na ndoa ikivunjika vitu vya nyumba hiyo ndivyo vinavyoonekana vikitoka. Mama akionekana anatoa kitu ndani ya wiki ya harusi, watu hawatauliza ni neti au ni mkeka. Watasema amekuja kumchukua binti yake. Mshono ni jambo la kawaida, halina fedheha. Na jina lake la ufundi lingebaki palepale.

Aliwakuta Sharifo, Ramlo na Rukiyo wameketi kivulini mwa nyumba mpya wanakunywa chai.

"Karibu, mwenye mikono," alisema Ramlo. "Ndiyo tunakusifu hapa."

Hinda alifungua mdomo atoe uongo wake. Wakati huohuo Leyla alikuja mbio, akajitupa mapajani mwa bibi yake, akaanza kujikuna kifundo cha mguu. Sharifo, bila hata kutazama, akawa anamsaidia kukuna. Uongo ukamwishia Hinda mdomoni.

"Neti nilizotia rangi hazifai," alisema. "Zote. Nilizichemsha nikaua dawa yake. Usubi anapita kama mlango uko wazi."

Ramlo aliweka kikombe chini.

"Hata yangu?" aliuliza Ramlo.

"Hata yako."

"Na mimi nimekusifu mpaka kwa shemeji zangu Habaswein."

"Waambie nimekosea. Lul ameomba zingine, nitapita nyumba zote kusema mwenyewe." Hinda aliifungua neti aliyokuja nayo, na weupe wake ukamwagika mbele ya wanawake wale. "Hii ni yangu, haijaguswa. Nimekuja kutoa ile ya Ruweyda na kuweka hii. Simchukui mtu, abaayo, dada yangu Sharifo. Natoa neti tu."

Wote walimtazama Sharifo. Yeye aliitazama ile nguo nyeupe, kisha akautazama mguu wa mjukuu wake, vile vipele, kimoja baada ya kingine.

"Na Leyla?" aliuliza.

Njia nzima Hinda alikuwa amefikiria mtoto mmoja, wa kwake, na sasa aliona aibu iliyomchoma kuliko ile ya pipa.

"Iko hii moja tu," alisema polepole.

Sauti ya Ruweyda ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya mikeka. "Hooyo, mleteni Leyla alale huku. Neti ni kubwa."

"Wiki ya harusi?" Rukiyo aliangua kicheko. "Na bwana harusi je?"

"Atajibana," alisema Sharifo. "Yeye na kaka yake walilala ngozi moja mpaka wakaota ndevu."

Aliinuka, akaichukua ile neti mikononi mwa Hinda. Ile nyekundu ilitolewa hadharani mbele ya wanawake wote, na aliyetaka kusema aliruhusiwa kusema. Sharifo aliitundika nyeupe mwenyewe. Alimlaza Leyla katikati ya kitanda, akaanza kuchomeka pindo chini ya mkeka: upande wa kichwani, wa miguuni, wa ukutani. Kisha akasimama.

"Na upande huo, abaayo," alisema Hinda.

"Huo ni mlango."

"Usubi naye anatafuta mlango."

Sharifo alipiga magoti. Alishika pindo la mwisho, akakaa nalo mkononi muda mrefu, na kila aliyekuwa ndani alijua ni pindo gani jingine analoliona. Hinda alitaka kumsaidia, akajizuia. Ruweyda alitazama chini. Hatimaye Sharifo alilichomeka lile pindo chini ya mkeka, akalikaza kwa viganja vyote viwili, na hakuondoa viganja vile. Leyla alikuwa amelala chali ndani ya weupe ule, kimya, macho yamefumbwa.

"Ayeeyo," alisema Leyla bila kufumbua macho, "nataka kukojoa."

Bibi yake alianza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kujifuta uso kwa ncha ya shela, na Hinda naye alikuwa akijifuta wa kwake. Kisha Sharifo akalichomoa lile pindo alilolikaza kwa nguvu zake zote, akaliinua juu.

"Toka," alisema. "Toka ukojoe, urudi."