Eda ya Bi Hindu Kambini Sabaki

Kambini kwetu Sabaki mtu alihesabiwa kwa macho ya Bwana Nahashon. Akikuona, upo. Asipokuona, hupo. Siku ya kuhesabu filimbi ililia alfajiri, watu wakatoka mahemani wakapanga mistari, wagonjwa wakibebwa mgongoni, naye akapita akimgusa kila mmoja begani kwa kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Katika kambi aliyoisimamia kabla ya hiyo watu walikuwa wakiazimana watoto ili wapate unga zaidi, na lawama zote zikamwangukia yeye. Tangu hapo aliapa kwamba hatamwandika mtu asiyemwona.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupita hema kwa hema, kuuliza na kutazama. Maji yanatosha? Unga una wadudu? Nani anaharisha? Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, na wakimbizi wale walikuwa wavuvi na jamaa zao kutoka visiwa vya ng'ambo ya mpaka, waliokimbia bunduki. Lugha yao na yangu ni ndugu wa tumbo moja. Bibi yangu alizaliwa Faza, upande wetu wa mpaka ule ule. Nilidhani hilo litanifungulia milango. Nikifika, mazungumzo yalikatika. Niliwekewa kiti, nikakaa juu peke yangu na wao chini mkekani, na kila nilichouliza walinijibu, "Twashukuru." Unga ukiwa na fukusi, twashukuru. Choo kikiwa kimefurika, twashukuru. Jioni nilirudi kibandani kwa wafanyakazi wenzangu, watu wa bara, wakanimiminia chai kwa upole kisha wakaendelea na hadithi zao kwa lugha ya kwao. Nilikunywa, nikaaga, nikaenda kulala. Hapakuwa na aliyenikosea, kwa hiyo sikuwa na wa kumlalamikia.

Hema la Bi Hindu ndilo pekee lililokuwa tofauti.

Mumewe, Bwanamkuu, alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kufika kambini. Kadi ya chakula ilikuwa kwa jina lake, na majirani, waaminifu kama walivyo, waliirudisha ofisini matanga hayajaisha. Bi Hindu akaingia eda. Alivaa nyeupe, akafunga kanga mlangoni iwe pazia, akakaa ndani kama wajane wa kwao wakaavyo, miezi minne na siku kumi, asitoke wala asionekane na mwanamume asiye ndugu yake wa damu. Majirani walimlisha kwa kujinyima. Wanawake tuliruhusiwa kuingia, basi nikaingia.

Mle ndani hapakuwa na kiti. Aliniambia nivue viatu nisogee, maana macho yake hayaoni vyema kwenye giza la turubai. Akanikagua, akasema shingo yangu imekuwa ya korongo.

"Kwani huko ofisini mwapima chakula cha watu tu, nyinyi wenyewe hamli?"

Nilicheka mpaka nikajishangaa. Nikawa napita kila siku baada ya adhuhuri. Alinihadithia jinsi Bwanamkuu alivyokuwa akikoroma mpaka kuku wa jirani wakihama, na jinsi ukimya wa usiku ulivyokuwa sasa ukimwamsha. Hakulia akisema hayo. Alikunja upindo wa kanga, akaukunjua, akaukunja tena. Siku moja nilichelewa, akaniuliza nilikuwa wapi. Tangu nianze kazi ile, hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kuniuliza.

Siku ya hesabu nilikuwa nimetumwa Malindi kuleta dawa. Bwana Nahashon alifika mlangoni kwa Bi Hindu, akakuta hakuna aliyesimama nje. Akamwuliza mzee Fumo wa hema la pili kuna nani ndani. Kwa mzee Fumo, mjane aliye edani hatajwi mbele ya mwanamume mgeni. Kumtaja tu ni kama kumvua nguo. Akainamisha kichwa, akajibu kwa heshima zote kwamba humo hamna mtu. Na Bwana Nahashon, kwa uaminifu wake wote, akaandika kwamba hema ni tupu.

Kesho yake nilimkuta na vijana wawili wakianza kung'oa vigingi. Jamaa waliokuwa wamewasili juzi walikuwa wakilala chini ya mikorosho, na hema lilitakiwa. Ndani, Bi Hindu alikuwa kimya. Hakutaka hata sauti yake isikike na wanaume. Nilimweleza Bwana Nahashon yote: mume, kadi, eda, na kwa nini mzee Fumo alijibu vile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jana hema lilikuwa tupu na leo lina mjane. Akikubali hilo, juma lijalo kila hema litakuwa na mjane nyuma ya pazia. Alichotaka ni kidogo tu: afunue kanga, amwone, amwandikie kadi papo hapo. Nikamwomba aingie Jedida, muuguzi wetu, atazame kwa niaba yake.

"Jedida hatii saini, dada," akasema. "Natia mimi. Naandika niliyemwona mimi."

Akanyoosha mkono kwenye kanga. Nikasimama katikati ya mlango.

"Bwana Nahashon," nikamwambia, nikihakikisha sauti inafika mbali, "mkeo akiwa bafuni, unamtuma karani akachungulie ndipo uamini kuna mtu anaoga?"

Alianza kucheka mwanamke mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani. Kisha mstari mzima wa mahema ukaangua kicheko, watu wale wale ambao kwa miezi hawakuwa wametuambia neno ila twashukuru. Aliyesikia akamhadithia asiyesikia. Bwana Nahashon akaurudisha mkono wake. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, na ndiye aliyekuwa akinimiminia chai. Niliyaona hayo yote usoni pake na sikuondoka mlangoni.

"Yumo," nikasema. "Andika yumo."

Alirudi nyuma hatua moja. Kisha akamwita Jedida. Jedida akavua viatu, akaingia, akakawia, akatoka.

"Yumo mama," akasema. "Na miguu imemvimba."

Kadi ikaandikwa kwa jina la Bi Hindu mwenyewe. Vigingi vikagongwa tena ardhini. Na jioni hiyo Bwana Nahashon akaandika barua kwenda Kilifi.

Mkurugenzi wetu pale Kilifi, aliyeniita kwa sababu ya barua hiyo, alikuwa mama mpole, msemaji wa taratibu. Aliniambia kwamba kuhusu mjane nilikuwa na haki, na kuanzia sasa walio edani watahesabiwa na mwanamke. Lakini nilikuwa nimemvunjia mtu mzima heshima yake mbele ya watu anaowasimamia, na sasa akipiga filimbi wanacheka. Akanitaka nisimame pale pale, mbele ya watu wale wale, nimwombe radhi, kisha niendelee na kazi. La sivyo nitabaki Kilifi kunakili takwimu, na Sabaki nisikanyage.

Nilimfikiria Bi Hindu. Eda yake ilikuwa haijafika hata nusu. Jedida angeingia, amtazame miguu, akimbilie mgonjwa mwingine. Majirani wangempelekea chakula, warudi kwenye foleni ya maji. Wa kukaa naye hapakuwa. Na mimi pale Kilifi sikuwa nikimjua mtu, nilikuwa nimepanga chumba kimoja cha siku za mapumziko, na mwenye nyumba aliniita "yule wa shirika."

"Ni maneno machache tu, Hafidha," mkurugenzi akasema. "Yaseme, urudi kwa mama yako."

Alivyosema mama yako, nilikaribia kukubali. Nikajaribu kuyasema moyoni, nione yangesikikaje pale mlangoni. Watu wale wasingesikia kwamba nimetubu mzaha wa bafuni. Wangesikia kwamba aliyemzuia mwanamume asifunue kanga ya mjane amekiri kosa. Na Bi Hindu angeyasikia akiwa ndani, kimya vile vile, mkono wake kwenye upindo. Agizo la kuhesabiwa na mwanamke lingebaki karatasini; mwanamume wa pili angekuja, na kanga ingefunuliwa.

Mkurugenzi alikuwa akingoja.

"Siombi radhi," nikamwambia. "Wala kesho sitaomba."