Kula Nikuone

Njoka alianza kutoweka mezani kwake jioni moja ya githeri, mahindi na maharagwe, miezi mingi kabla ya kuzikwa. Alitafuna, akanywa maji, akatafuna tena, kisha akainuka na sahani yake akaenda nyuma ya ghala. Marcella, mkewe, alimsikia akitapika polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Tangu siku hiyo alikula huko peke yake.

Jirani yao Gachoki alikuja kumwona na chupa ya uji. Kwao, anayemletea mgonjwa chakula huketi mpaka akione kimeliwa.

"Kunywa, mzee. Ama uji wa mke wangu una miiba?"

Njoka alicheka. Alijaza mdomo, akakaa hivyo mashavu yamevimba, mpaka Gachoki alipoaga. Ndipo akautema kwenye jivu.

Kwanza walimkata kimio. Fundi mmoja kule Karurumo aliapa kwamba kimio kirefu ndicho kinachoziba koo. Wakangoja kidonda kipone. Kilipopona, hata uji mwepesi haukushuka.

Hospitalini waliteremsha kamera kooni. Ilikuwa saratani, chini kabisa, pale chakula kinapoingilia tumboni. Hatua ya kupasuliwa ilikuwa imepita, daktari alisema. Kilichobaki ni kumwekea kijibomba cha waya cha kupanua njia, apate kumeza huku akingoja mionzi.

"Basi muwekee, daktari," Marcella alisema.

"Hapa vimeisha, mama."

"Vitakuja lini?"

"Serikali ikileta." Daktari aliutazama mlango, akashusha sauti. "Kliniki yangu viko. Njooni alasiri, mkijipanga."

Ng'ombe wote walikuwa wameuzwa kulipia kamera. "Sasa hivyo vya kwako vimetoka wapi, na vya hapa vimeisha?"

"Mama, usiniletee siasa. Sista, ita mwingine."

Walirudi nyumbani. Ndizi ziliiva nje ya dirisha, na Njoka akakonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni.

"Pika githeri," alisema siku moja.

"Utaiweza?"

"Nataka harufu."

Alipika. Njoka aliketi kwenye kiti chake cha zamani, mezani, kwa mara ya kwanza tangu jioni ile. Alimsogezea mkewe sahani.

"Kula nikuone, Mama Mukami."

Marcella alikula. Kila tonge lilishuka bila shida yoyote, na alilionea aibu. Njoka hakuondoka mpaka sahani ilipokwisha. Wiki hiyo hiyo alikufa kwa njaa. Mazishini watu walikula wakashiba.

Juzi Gachoki alipita kumjulia hali. Marcella alimwekea chai na ndizi ya kuchemsha. Gachoki alimega, akajaza mdomo, akatulia, mashavu yamevimba, macho yakitazama ukuta.

Marcella aliinuka akatoka nje, akamwachia nafasi ya kutema.

Gachoki amepewa tarehe ya kupimwa koo katika hospitali ile ile. Vijibomba havijaletwa.